Mama yangu alikuwa na mume mmoja tu maisha yake yote. Saratani ya shingo ya kizazi aliitoa wapi?

#1 Kimya Kingi (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Mama yangu amefariki miezi mitano iliyopita kwa saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa na miaka 58. Aliolewa na miaka 17, na mume wake wa kwanza na wa mwisho ni baba yangu.

Siku ya tatu ya msiba nilipita nyuma ya nyumba na ndoo ya maji, nikawasikia wanawake wawili wananong'ona: "Ugonjwa ule hauji hivihivi. Ujana una mambo yake." Niliitua ndoo taratibu, nikarudi nilikotoka.

Kabla ya hapo, nikiwa na mama kwenye foleni ya kliniki, nilimsikia mhudumu akiwaambia wanawake kwamba saratani hii inaletwa na "kuwa na wapenzi wengi". Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, akainamia mkoba wake kama anatafuta kitu. Hakuwa anatafuta kitu.

Naomba kuuliza bila kuzunguka. Hiyo kauli ni kweli? Kama ni kweli, mama yangu anaingiaje? Kama ni uongo, mbona imebandikwa kila mahali? Nataka majibu ya kueleweka, na matusi kwa marehemu sitaki.

#2 Tumbili Mstaarabu
Pole sana dada. Naweka kigoda hapa, wataalamu wanakuja.

#3 Mzee Hoja
Pole binti yangu. Ila ukweli lazima usemwe hata kama unauma. Jambo hili lilijulikana zamani kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 1842 daktari wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alipekua rejista za vifo za Verona, kuanzia 1760 hadi 1839. Akakuta watawa wa kike wanakufa kidogo sana kwa saratani ya kizazi kuliko wanawake wengine. Watawa hawafanyi tendo. Hesabu inajieleza. Simsemi marehemu, nasema kanuni.

#4 Kalamu Nyekundu
Mzee Hoja, shikamoo. Habari ya Verona ni ya kweli ila umeikata katikati. Moja, rejista zile hazikutenganisha saratani ya shingo ya kizazi na ya mji wa mimba wenyewe, zote ziliandikwa saratani ya kizazi. Pili, watawa haohao walikufa zaidi kwa saratani ya matiti, hilo wasimuliaji huwa wanaliruka. Tatu, ndipo penye utamu: aliwalinganisha na walioolewa na wajane. Hakuna mahali alipohesabu wapenzi. Kwa ushahidi wako mwenyewe, mzee, mshtakiwa ni ndoa.

#5 Chungu Kimoja
😂😂 Natoka nje kwanza nimpigie mke wangu nimwombe radhi kwa mahari niliyotoa.

#6 Sindano Ndogo
Pole dada Kimya. Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa kumi na moja nipo chumba cha uchunguzi wa shingo ya kizazi.

Karibu saratani zote za hapo zinasababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Aina zake zinapita 200, nyingi hazina neno, nyingine zinaleta vinyama tu sehemu za siri. Zenye hatari ni kumi na kitu, na mbili kati ya hizo, namba 16 na 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizinasa mwaka 1983 na 1984, wakati wataalamu wengi walikuwa bado wanashuku malengelenge ya sehemu za siri. Mwaka 2008 akapewa Nobel.

Kirusi kinapita ngozi kwa ngozi. Hakihitaji damu wala manii. Watu wengi waliowahi kujamiiana wanakipata wakati fulani bila kujua, na mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kesi ni wale wachache ambao kwao kinang'ang'ania. Hapo seli zinaanza kubadilika polepole, miaka 15 hadi 20 ndipo iwe saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano VVU ambavyo havijatibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Kwa hiyo dada, mtu mmoja anatosha kabisa kukuletea.

#7 Mzee Hoja
Na huyo mtu mmoja yeye alikipata wapi?

#8 Bint Mwerevu
Mzee Hoja hatimaye umeuliza swali la maana bila kukusudia.

#9 Hesabu Kichwani
Jamani, hapa kuna maswali mawili na watu wanayachanganya.

La kwanza: ukichukua wanawake laki moja, wenye wapenzi wengi wanaugua zaidi ya wenye mmoja? Ndiyo, tafiti zinakubaliana. La pili: ukimkuta mwanamke mmoja ameugua, unaweza kusoma kutoka kwenye ugonjwa wake alikuwa na wangapi? Huwezi.

Mtu anayevuka barabara kuu mara ishirini kwa siku ana nafasi kubwa ya kugongwa kuliko anayevuka mara moja. Sasa umemkuta mtu kagongwa. Utasema "huyu alikuwa mzururaji"? Huenda ndiyo kwanza alikuwa anavuka.

Halafu wanawake wa mume mmoja ni wengi. Hata kama hatari ya kila mmoja wao ni ndogo, ukiwajumlisha wanajaza wodi.

#10 Bint Mwerevu
Hesabu, mfano mzuri ila umesahau kitu: barabarani kuna madereva.

Hispania walichukua wanawake wenye saratani hii na wasio nayo, wakaenda kuwahoji na kuwapima waume zao. Waume waliokuwa na wapenzi wengi, au waliozoea kununua ngono, wake zao ndio walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Mwanamke katulia nyumbani, historia ya mume ndiyo inaandikwa kwenye mwili wake. Mabango yanamtaja yeye tu.

#11 Kalamu Nyekundu
Bint Mwerevu, nakubaliana nawe nusu. Utafiti huo ulikuwa na pacha wake. Timu ileile ilifanya kazi hiyohiyo Kolombia, ambako ugonjwa ni mwingi zaidi, na huko mambo yakagoma. Tabia za waume hazikutofautisha vizuri wake waliougua na wasiougua. Ripoti zote mbili zilitoka mwaka 1996. Maelezo yao: mahali ambapo karibu kila kijana wa kiume ameshakutana na kirusi kabla ya kuoa, kuhesabu wapenzi wa mume uzeeni hakukuambii kitu. Wote walishalowa, huwezi kujua nani alinyeshewa na mvua ipi.

#12 Bint Mwerevu
Yaani wanaume wote wamelowa ndiyo utetezi? 😏

#13 Kalamu Nyekundu
Sijatetea mtu. Nimesema Kolombia haikujibu swali.

#14 Tumbili Mstaarabu
Uzi umenoga, kigoda nimekibadilisha nimeleta kiti cha mgongo.

#15 Kimya Kingi
Asanteni wote, nawasoma.

Baba alikuwa mtu wa safari za kikazi, miezi miwili yupo, mitatu hayupo. Sijui kitu na sitamuuliza. Ana miaka 70, bado anatandika kitanda upande mmoja tu.

Mama alizaa mara saba, tuko hai sita. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 52. Miaka mitatu baadaye damu ikarudi, matone. Alifurahi, akasema "mwili bado una nguvu". Alienda sehemu moja wakampa vidonge vya fangasi. Akarudi, wakampa tena. Mara ya tatu wakabadilisha rangi ya vidonge. Hakuna aliyemwambia panda kitandani tukuangalie.

Nilikuja kugundua mwenyewe. Nilipomtembelea niliamka saa nane usiku nikasikia maji bafuni, nikamkuta anafua shuka gizani, taa hajawasha. Akaniambia joto limemtoa usingizini. Alikuwa anafua usiku tusione.

#16 Sindano Ndogo
Dada, pole tena.

Wasomaji, shikeni hili: damu baada ya hedhi kukoma kabisa, damu baada ya tendo, damu katikati ya mizunguko, uchafu wenye harufu usiopona kwa dawa. Mojawapo likitokea mtu apande kitanda aangaliwe kwa macho. Vidonge vya kubahatisha ni kupoteza miezi.

#17 Daktari wa Vitabu
Mnabishana kuhusu idadi wakati mleta mada ametoa vitu viwili vikubwa zaidi: kuolewa na miaka 17 na kuzaa mara saba.

Kwenye shingo ya kizazi kuna mpaka ambapo seli laini za ndani zinakutana na seli ngumu za nje. Msichana anapobalehe, mpaka ule unakuwa umejitokeza nje na seli zake zinageuka kwa kasi kutoka aina moja kwenda nyingine. HPV inapenda hapohapo. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinazoendelea zilionyesha kwamba walioanza tendo na miaka 16 au chini walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya walioanza na miaka 21 na kuendelea, na wengi wa wanawake hao walikuwa na mwanaume mmoja.

Uzazi nao. Kati ya wanawake wenye HPV, waliozaa mara saba au zaidi walikuwa na hatari karibu mara nne ya wasiozaa kabisa. Hiyo ilichapishwa 2002. Kwa hiyo "tabia" tunayoitafuta kwa huyu mama ni kuolewa mapema na kuzaa sana, mambo ambayo watu wanayapigia vigelegele.

#18 Hesabu Kichwani
Hapo kwenye umri, taratibu kidogo. Anayeanza na miaka 16 anakutana na kirusi mapema zaidi, kwa hiyo akifika 50 kirusi kimekaa miaka mingi zaidi. Inawezekana ni mambo ya seli, inawezekana ni urefu wa muda tu. Kuvitenganisha hivyo viwili ni kazi ngumu.

#19 Daktari wa Vitabu
Sikatai. Naona vyote vinavuta kamba moja.

#20 Nyota ya Asubuhi
Mbona hamzungumzii vidonge vya uzazi wa mpango? Na pedi zenye kemikali? Mimi nilisoma pedi ndiyo chanzo kikubwa.

#21 Kalamu Nyekundu
Pedi: hakuna ushahidi wowote, hiyo ni ya kusambaziana kwenye simu.

Vidonge: kuna ukweli. Kutumia miaka mitano au zaidi mfululizo huongeza hatari kiasi, ukiacha inashuka, na baada ya miaka kama 10 inarudi sawa na ya asiyetumia. Hiyo ni kwa vidonge vyenye homoni mbili. Usivitupe leo kwa sababu ya komenti yangu, ongea na mtoa huduma wako.

Sigara pia ipo kwenye orodha, inapunguza nguvu za mwili za kufukuza kirusi pale pale kwenye shingo ya kizazi.

#22 Baba Pacha
Nimekuwa msomaji kimya wa jukwaa hili miaka minne, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Mwaka juzi mke wangu alipima, jibu likaja ana HPV, moja ya zile hatari. Nilisoma karatasi ile mara tatu. Ndoa ilikuwa na miaka tisa. Nilichukua kalenda, nikaanza kuandika safari zake zote: semina ile, harusi ya binamu yake, wiki aliyomuuguza dada yake. Nilikuwa na karatasi yenye mishale kama mpelelezi. Nikahamia kwenye kochi wiki mbili.

Mwishowe nikaenda mwenyewe kudai nipimwe ili nipate ushahidi dhidi yake. Muuguzi akanitazama, akaniambia kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa cha kutafuta kirusi hiki. Nikarudi nyumbani sina kesi.

Swali langu kwa Sindano Ndogo: mtu anaweza kujua kirusi kiliingia lini?

#23 Sindano Ndogo
Hawezi. Hakuna kipimo kinachosoma tarehe. Kirusi kinaweza kulala miaka bila kuonekana, kinga ikishuka kinaamka. Kinaweza kuwa cha kabla hamjajuana, cha kwake au cha kwako. Jibu la HPV halithibitishi usaliti, na halimsafishi mtu pia. Halihusu kesi hiyo kabisa.

#24 Chungu Kimoja
Baba Pacha, swali dogo tu la kiungwana. Wewe uliingia ndoani ukiwa hujawahi?

#25 Baba Pacha
Hilo ndilo swali mke wangu aliniuliza, kwa sauti hiyohiyo ya kiungwana. Usiku huo nilirudi kitandani.

#26 Tumbili Mstaarabu
😂😂😂 kochi limepumzika

#27 Bint Mwerevu
Na mke yuko salama?

#28 Baba Pacha
Walimwangalia, walikuta mabadiliko madogo, wakamchoma kwa joto dakika chache, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye akarudia kipimo, kirusi hakikuonekana. Karatasi ya mishale niliichana.

#29 Kaka wa Pembeni
Naona mnasahau kondomu. Si ingemaliza ubishi huu wote?

#30 Sindano Ndogo
Inapunguza, haimalizi. Kirusi kinakaa kwenye ngozi pia, na kondomu haifuniki ngozi yote. Itumieni, ila usijihesabu umefunga mlango.

#31 Kaka wa Pembeni
Na tohara?

#32 Daktari wa Vitabu
Inasaidia kiasi. Kwenye majaribio ya Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa walikutwa na HPV hatari mara chache kuliko wake wa wasiotahiriwa. Ila "mara chache" ni neno la kusoma vizuri. Sio kinga kamili, nimeona watu wanajisifu nayo kama cheti.

#33 Mzee Hoja
Nimewasoma wote. Kila anayekuja ana chanzo chake: mume, umri, uzazi, vidonge, sigara. Mwisho wa siku kirusi kinaletwa na tendo. Mtu akijitunza na mwenzake akajitunza, hakuna ugonjwa. Mbona mnaogopa kulisema?

#34 Hesabu Kichwani
Hakuna aliyeogopa, mzee. Wawili wasiowahi kukutana na mtu mwingine yeyote, hatari ni ndogo sana, hilo limekubaliwa. Ila sentensi yako ina watu wawili ndani yake, na bango la kliniki lina mmoja.

#35 Sindano Ndogo
Mzee Hoja, nikueleze kwa nini mimi binafsi nilibandua bango letu.

Alikuja mama mmoja, umri wa kati, kasindikiza binti yake kujifungua. Nikamwambia mama, kwa kuwa upo hapa njoo nikuangalie dakika kumi. Akasoma bango lililokuwa ukutani nyuma yangu, akasimama wima, akaniambia: "Mwanangu, mimi nina mume mmoja. Nipime ugonjwa wa malaya ili iweje?" Akaondoka. Alirudi baada ya miaka miwili akiwa kwenye kiti cha magurudumu, harufu ikimtangulia mlangoni. Hakukumbuka kama tuliwahi kuonana. Mimi nilimkumbuka.

Sikatai kwamba maandishi yale yalikuwa na ukweli wa kitakwimu. Ila kila anayepanda kitanda changu anakuwa kama anaungama, na asiye na la kuungama anaona hapamhusu. Kwangu mimi chanzo cha vifo hivi ni kimoja: kidonda kilikuwepo miaka zaidi ya kumi na hakuna aliyechungulia.

#36 Daktari wa Vitabu
Dada Sindano, hapo unachanganya chanzo cha ugonjwa na chanzo cha kifo.

#37 Sindano Ndogo
Kwa aliyelala wodini ni kitu kimoja, daktari.

#38 Nyota ya Asubuhi
Samahani, hicho kipimo kinakuwaje? Kuna mtu aliniambia wanakupaka siki. Nina siki jikoni…

#39 Sindano Ndogo
USIJARIBU NYUMBANI 😅 Ni asidi ya asetiki iliyopimwa, asilimia 3 hadi 5. Unalala chali, tunaingiza chombo cha kufungulia njia, kina umbo la mdomo wa bata na ni cha baridi, ukikaza misuli ndipo kinapouma, kwa hiyo pumua. Tunapaka, tunasubiri dakika moja. Sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Tukikuta eneo dogo linalotibika tunagandisha kwa baridi kali au tunachoma kwa joto. Tukishuku zaidi, tunakata kinyama cha kupima.

Kipimo bora siku hizi ni cha kutafuta HPV yenyewe. Unapewa kijiti chenye pamba, unaingia chooni, unajichukulia mwenyewe, unarudisha. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia miaka 30, na 25 kwa wanaoishi na VVU, maana hao hatari yao ni kama mara sita ya wengine.

#40 Nyota ya Asubuhi
Nimeelewa. Siki imerudi kabatini.

#41 Kalamu Nyekundu
Nyongeza: kuna kipimo cha kale zaidi, cha kukwangua seli na kuziangalia kwa hadubini, alichokianzisha Mgiriki Georgios Papanikolaou na kukieneza miaka ya 1940. Nchi zilizokipanga vizuri vifo vilishuka sana, na sijasoma popote kwamba wanawake wa huko walipunguza wapenzi kwanza.

#42 Mfukua Makabati
Tukiwa kwenye historia, mnajua seli za saratani hii zinaishi mpaka leo maabara? Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, alifariki 1951 akiwa na miaka 31. Walichukua seli zake bila kumwomba ruhusa na hazijaacha kuzaliana tangu hapo, wanaziita HeLa. Baadaye zikakutwa na HPV namba 18 ndani yake.

#43 Tumbili Mstaarabu
Ngoja. Mtu amekufa 1951, seli zake zinaendelea kuzaliana mpaka tunavyoongea? Nani anazilisha?

#44 Mfukua Makabati
Zinawekwa kwenye majimaji ya virutubisho. Ndiyo ubaya wa kirusi hiki, kinazima breki za seli.

#45 Tumbili Mstaarabu
Leo silali.

#46 Mama Wawili
Turudi kwenye mada kabla Tumbili hajazimia. Binti yangu ana miaka 11, shuleni wanachanja wiki ijayo. Baba yake anasita, anasema ni kumpa ruhusa. Nyie mnasemaje?

#47 Mzee Hoja
Baba yake ana akili. Mtoto wa miaka 11 unamkinga na tendo la nini? Ni kumfungulia mlango.

#48 Bint Mwerevu
Mzee, sote tulichanjwa pepopunda tukiwa wachanga. Hukununua misumari ukaanza kuikanyaga.

#49 Chungu Kimoja
💀 Mzee Hoja chukua maji.

#50 Daktari wa Vitabu
Mama Wawili, umri ule haukuchaguliwa kwa bahati mbaya. Chanjo inazuia kirusi kuingia, haikitoi kikishaingia. Kwa hiyo inatolewa kabla. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani limesema hata dozi moja inafaa kwa wa miaka 9 hadi 20 wenye kinga nzuri. Uskoti walitoa takwimu Januari 2024: wasichana waliozaliwa 1988 hadi 1996 wakachanjwa dozi zote wakiwa na miaka 12 au 13, hawakukuta hata mmoja mwenye saratani hii.

#51 Kalamu Nyekundu
Ongeza "mpaka wakati wa kuhesabu". Walikuwa bado vijana. Ila sifuri ni sifuri, hata mimi niliinua kofia. Na Australia tangu 2013 wanawachanja na wavulana, Bint Mwerevu atafurahi.

#52 Bint Mwerevu
Madereva nao wamekumbukwa. 🙌

#53 Mama Wawili
Nimemtumia baba yake hii ya misumari. Kasoma, kanyamaza. Kwake kunyamaza ni ndiyo.

#54 Kimya Kingi
Wakuu, nimesoma kila kitu mara mbili. Sijapata jibu moja, nimepata kama manane, na nadhani mama alikuwa na vipande vya karibu yote: kaolewa mapema, kazaa saba, mume wa safari, hakupimwa hata mara moja.

Jana nimepima, kile kijiti cha chooni. Majibu wiki mbili. Dada zangu wawili wanaenda Jumatatu, wa tatu anasema ana mume mmoja. Nimemtumia uzi huu.

#55 Hesabu Kichwani
Anzia #9 na #35, mwambie.

#56 Chungu Kimoja
Na #25, kwa ajili ya shemeji.

#57 Mzee Hoja
Sindano Ndogo, nina swali, na vijana msinicheke.

Mke wangu ana miaka 61. Hajawahi kupima kitu hicho. Umri huo bado kuna haja?

#58 Sindano Ndogo
Shikamoo mzee. Kama hajawahi kupimwa hata mara moja, haja ipo. Ana dalili yoyote? Damu?

#59 Mzee Hoja
Hajasema.

#60 Mzee Hoja
Niliposoma #15 nilipita. Nimerudi kuisoma leo. Tangu mwezi uliopita anafua usiku.

#61 Sindano Ndogo
Kesho asubuhi, mzee. Usingoje Jumatatu. Ukifika sema hedhi ilikoma na damu imerudi, sema hivyo hivyo, na wakitoa vidonge kabla ya kumwangalia, usiondoke.

#62 Kimya Kingi
Mzee, nenda naye wewe mwenyewe. Asiende peke yake kwenye ile foleni.

#63 Mzee Hoja
Nakwenda naye.